Pazia la Kokwa na Mifupa

Dada yangu na mimi hatujawahi kupendana, na sitaandika hapa kana kwamba tuliwahi. Yeye ni kifungua mimba, mimi ni kitinda mimba, na katikati yetu mama alizika watoto ambao sikuwakuta. Nilipozaliwa Gulwe, dada alikuwa amekwisha kwenda shule ya bweni. Akirudi likizo ananikuta nimelala mahali pake, kitandani kwa mama. Ananibeba bila neno na kunilaza chini kwenye mkeka. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolikumbuka kumhusu.

Mwaka ambao mto uliingia hadi nyumbani, mama alikuwa akiishi peke yake katika tembe aliyoijenga na marehemu baba. Ukuta wa nyuma ulilowa, ukalegea, ukalala. Mama alitoka mzima na mbuzi wake, akiwa amekasirika. Hakulia. Aliukasirikia mto, akawakasirikia majirani waliokuja kumpa pole, na dada alipofika na gari la mumewe kumchukua, akamkasirikia yeye kuliko wote.

Mimi nina fremu ya duka la ushonaji Chang'ombe na chumba kimoja nyuma yake. Dada ana nyumba Ihumwa, pembezoni mwa mji huohuo, yenye vigae sakafuni, uzio na tangi la maji. Mumewe ni mtumishi wa serikali, mtu mpole anayepita ndani ya nyumba yake kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Kwa hiyo hapakuwa na mjadala mama akae wapi. Hata hivyo dada aliona ni lazima aseme mbele ya ndugu wote kwamba mimi ninaishi stoo. Alichosema kilikuwa kweli, na nilijua siku ya kumjibu ingekuja.

Gulwe mama alijulikana kwa kutunga shanga. Hizi za plastiki za dukani hakuzitaka, alisema hazina uzito wala harufu. Alitumia alichookota: kokwa za ukwaju, mbegu za ubuyu, magamba ya konokono ambayo mto huyaacha mchangani wakati wa kiangazi, miiba ya nungunungu, na mifupa ya miguu ya mbuzi aliyoikata vipande vidogo kama pete. Alitunga mikanda, mapambo ya vibuyu, na vitu vya kutundika ukutani ambavyo havikuwa na jina. Mimi nilijifunza kwake nikiwa mkubwa tayari, tena kwa kuomba. Alinifundisha kama mtu anayelipishwa faini.

Miezi michache baada ya mama kuhamia Ihumwa, nilikwenda kumsalimia siku ya Jumapili nikaukuta mlango wa chumba chake hauna komeo wala kitasa. Palikuwa na tundu tu la duara kwenye ubao, na ndani ya tundu mama alikuwa amesokota kitambaa.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikamuuliza kitasa kimekwenda wapi.

"Dada yako ameking'oa. Siku hizi anaingia humu kama anaingia zizini."

"Kwa nini?"

"Muulize mwenye nyumba."

Sikumuuliza mwenye nyumba. Ilinitosha kuona lile tundu. Nilikuwa nimepata sababu ya kumchukia dada ambayo mtu yeyote mwenye mama angeielewa, na sikutaka kuiharibu kwa maswali.

Nilipokuwa ninaaga mama alinishika mkono. Akasema nimletee kokwa za ukwaju, nyingi, na mifupa, na chochote nitakachokikuta mtoni Gulwe. Nikamuuliza anataka kutunga nini.

"Nataka mlango unaosema," akaniambia.

Nikaanza kukusanya. Kokwa nilizipata kwa akina mama wanaotengeneza juisi ya ukwaju, ambao huzitupa jalalani na walinishangaa nilipoziomba. Mifupa niliichukua kwenye banda la nyama choma jirani na fremu yangu. Mchoma nyama alidhani nimefuga mbwa, nami nikamwacha adhani hivyo. Gulwe nilikwenda kwa treni ya kawaida, nikashuka hadi mtoni, nikaokota magamba ya konokono yaliyokuwa meupe kwa jua. Mjomba wangu, ambaye nungunungu wamemmalizia mihogo, alinipa fungu la miiba yao huku akiwalaani.

Tulifanyia kazi kwenye ukumbi wa nyuma kwa dada, karibu na jiko la nje. Kokwa za ukwaju ni ngumu kama kokoto. Tulizichemsha kwanza, kisha tukazitoboa na spoki ya baiskeli iliyopashwa moto kwenye mkaa. Zikitobolewa hutoa moshi wenye harufu ya nywele zinazoungua. Mifupa nayo tuliichemsha mpaka uboho na nyama vikatoka, tukaikata kwa msumeno wa chuma, tukaisugua kwa mchanga na maji mpaka ikang'aa. Siku ya kuchemsha mifupa, nguo zote zilizokuwa kwenye kamba zilinuka supu.

Mama hakuwa mwalimu wa kusifu. Nilimpelekea uzi wa kwanza nilioutunga mwenyewe nyumbani, nimepanga kokwa na mifupa kwa zamu, moja kahawia moja nyeupe, nikiwa nimeridhika. Aliushika, akautikisa karibu na sikio lake, akaurusha miguuni pangu.

"Hii si kazi. Umepanga kwa macho."

Yeye alipanga kwa sauti. Alichukua kokwa kiganjani, akafumba ngumi, akatikisa, akasikiliza, kisha akaamua iende kundi gani. Zile ambazo ndani zimekauka hutoa sauti kali, na zenye unyevu hutoa sauti butu, hizo akazitupa. Mfupa uliwekwa jirani na gamba la konokono ili vigongane. Miiba ya nungunungu ilikatwa vipande ikawekwa juu, kwa kuwa ni myepesi, na mifupa mizito ikashuka chini ili ivute uzi. Nilimletea nailoni, akaikataa, akasema nailoni ni ya watu wasiojua kusokota. Akasokota nyuzi za gome la mbuyu pajani mwake, akiwa amepandisha kanga, mguu wake mwembamba umepauka kwa vumbi la gome. Nikikosea fundo, alilifungua bila kuniambia kosa liko wapi na kunirudishia uzi.

Dada alipita hapo mara nyingi kuliko alivyohitaji. Kwanza alilalamikia sufuria. Halafu akalalamikia harufu. Halafu akaja na ungo wa mchele, akauweka mbele yetu kimya. Ndani yake dumuzi wadogo wa kahawia walikuwa wanatembea.

"Hawa wametoka kwenye uchafu wenu," alisema.

Mama akauvuta ungo, akamtazama mdudu mmoja kwa makini, akasema wadudu wa ukwaju huwa na mgongo mnene zaidi, hawa ni wa mchele, na kwamba mwanamke anayeanika mchele wake juani hawajui. Hiyo haikuwa kweli. Nilikuwa nimewaona mwenyewe wakitoka kwenye mfuko wangu wa kokwa. Nilikaa kimya nikaendelea kutoboa, na kimya changu dada alikielewa vizuri.

Pazia lilipokamilika tulilitundika kwenye fremu ya mlango wa mama, kwa ndani, ili mlango ukisukumwa lipigwe. Lilikuwa zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika. Kwa juu lilikuwa jeusi na jeupe kama mgongo wa nungunungu mwenyewe. Likishuka liligeuka kahawia, kisha jeupe la mifupa, na chini kabisa safu ya magamba ya konokono. Ukiligusa kwa kidole lilianza kunong'ona kutoka juu mpaka chini. Ukilipita kwa haraka lilipiga kelele kama mahindi yanayomwagwa kwenye ndoo. Mama alikaa kitandani, akaniamuru nipite taratibu, nipite kwa haraka, niingie kinyumenyume. Hakuna namna niliyopita ambayo hakuisikia.

"Sasa apite," akasema.

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa na vita vya kila siku. Vingine nilivishuhudia mwenyewe, vingine shemeji alinisimulia kwa aibu. Dada alikataa kubisha hodi katika nyumba yake. Alisukuma mlango, pazia likapiga, na mama kutoka ndani akauliza nani. Dada akajibu ni mimi. Mama akauliza mimi nani. Asubuhi akileta chai, mchana akileta chakula, jioni akileta dawa za presha, swali lilikuwa lilelile, na mama hakunyoosha mkono kupokea kitu mpaka amejibiwa kwa jina kamili, kama karani anayehakiki watu. Shemeji aliniambia kwamba wakati mwingine mke wake alisimama nje ya mlango na sinia mikononi, ananong'ona maneno ambayo si ya sala.

Nilicheka aliponisimulia. Nilicheka sana, na nilimwona shemeji akinitazama kama mtu aliyegundua kwamba amekosea nyumba.

Kisha wakaja wanajumuiya wa kanisani. Ilikuwa zamu ya dada kupokea sala za jumuiya, na alikuwa amepika tangu asubuhi. Akina mama wakajaa sebuleni, wengine wake za watumishi waliohamia kutoka mikoa mbalimbali, watu ambao dada alitaka wamwone vizuri. Mama aliambiwa aje akae nao. Akasema miguu inamuuma. Sala zilipoanza, akasogeza kigoda hadi mlangoni, akaupitisha mkono wake kwenye pazia. Akaupitisha tena. Alifanya hivyo sala nzima. Kila waliponyamaza ili mtu mmoja asome, pazia lilisema. Mgeni mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama kuna panya darini. Mwingine akasimama, akaenda kuchungulia ukumbini, akamkuta bibi mzee kwenye kigoda anamtazama bila kupepesa.

Wageni walipoondoka, dada alichukua kisu cha jikoni akalikata pazia lote kwa juu, uzi baada ya uzi.

Mama alinipigia kwa simu ya shemeji. Hakusalimia. "Dada yako amelikata pazia. Njoo."

Niliacha gauni la mteja kwenye cherehani, nusu limeshonwa. Nilichukua mabegi mawili makubwa na kukodi bajaji, na njia nzima kutoka Chang'ombe nilikuwa ninapanga maneno. Nilikuwa nimekwisha kupanga hata kitanda: mama angelala kitandani pangu, mimi ningelala kwenye fremu, chini ya meza ya kukatia. Siku yangu ya kujibu ilikuwa imefika, na ninakumbuka kwamba nilikuwa na furaha.

Nilimkuta dada amesimama ukumbini na kisu bado mkononi. Kokwa na mifupa vilikuwa vimetapakaa kwenye vigae mpaka sebuleni, vingine vimejificha chini ya kochi. Mama alikuwa kitandani, mlango wazi, fremu imebaki na vipande vifupi vya nyuzi vinavyoning'inia. Sikusalimia mtu. Nikatupa mabegi chini na kuanza.

Nilimwambia dada yote. Nikamwambia kwamba amemfunga mama kama mahabusu, kwamba hata kitasa cha mlango amemnyang'anya, kwamba anaona haya kuwa na mama anayenuka moshi mbele ya marafiki zake wa jumuiya. Nikamwambia stoo yangu ina komeo, na komeo lake liko ndani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Unajua kwa nini niling'oa kitasa?"

Akalionyesha lile tundu kwa kisu.

"Alianguka. Alikuwa amejifungia. Tulimsikia anagonga sakafu, na hakuweza kuinuka kuja kufungua. Mume wangu alivunja mlango kwa bega. Tulimkuta amejikojolea, na paja limevimba hivi. Akatuapisha tusikwambie wewe."

Nilimgeukia mama. Nilitaka akanushe. Alikuwa anaangalia ukuta.

"Ni kweli?" nikamuuliza.

"Nilianguka," mama akasema. "Nani haanguki?"

Sikujua nifanye nini na hasira yangu. Nilikuwa nimeibeba kwa miezi mingi kama mzigo wa kuni kichwani, na sasa nilikuwa nimefika mahali pasipo jiko. Nikaamua kuendelea mbele tu. Nikaingia chumbani, nikafungua kabati la mama, nikaanza kutoa kanga zake na kuziweka kwenye begi. Nikasema tunaondoka, hayo mengine tutayazungumza njiani.

"Rudisha," mama akasema.

Nikaendelea.

"Rudisha hizo nguo. Nani amekwambia nataka kwenda kwako?"

"Umenipigia simu, mama. Umesema njoo."

"Nilikuita uje uone alichofanya. Sikukuita unichukue. Chumba chako kina mlango mmoja, nikikaa humo nitagombana na nani?"

Dada, kule ukumbini, alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko au kikohozi. Ninaiweka hapa kwa sababu sijaisahau. Nilisimama katikati ya chumba nimeshika kanga ya mama kama mwizi aliyekutwa, nikaelewa kwamba wale wawili walikuwa na jambo lao, na kwamba mimi nilikuwa mleta kokwa.

Mama akashuka kitandani polepole, akashika ukuta, akaja hadi mlangoni. Akamwonyesha dada sakafu kwa kidole.

"Okota."

Nilidhani dada angemtupia kile kisu. Badala yake alikiweka juu ya friji, akapandisha gauni lake la sala, akapiga magoti kwenye vigae. Akaanza kuokota. Aliokota kwa ghadhabu, anazitupa kokwa kwenye beseni moja moja ili zilie. Mimi nami nikainama nimsaidie, kwa sababu sikujua pa kuweka mikono yangu.

"Wewe acha," mama akaniambia. "Aliyekata ndiye ataokota. Wewe nenda kwako. Na hizo kokwa za mara ya mwisho zilikuwa na wadudu, nilinyamaza tu."

Nilirudi Chang'ombe na mabegi matupu. Nilimalizia gauni la mteja vibaya, mkono mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine, ikabidi nilifumue lote.

Sikwenda Ihumwa kwa wiki kadhaa. Hakuna aliyenipigia. Nilijiambia ninawasubiri waniombe radhi, lakini kila simu ilipolia niliiacha sindano. Mwishowe nilikwenda bila kuarifu, nikapita geti dogo la nyuma. Niliwakuta kwenye ukumbi wa nyuma. Mama alikuwa kwenye kigoda chake anasokota gome. Dada alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooka, beseni pajani, anatunga. Nilisimama nikamwangalia. Vidole vyake havikusita. Alichukua kokwa, akaitikisa sikioni, akaitupa au akaitunga, akafunga fundo dogo ambalo mimi baada ya miaka yote ile nilikuwa bado silijui.

Nikasema shikamoo mama. Marahaba. Dada hakuinua kichwa.

"Nani amemfundisha?" niliuliza. Nilimuuliza mama, kana kwamba dada hayupo.

"Nani angemfundisha? Alijua kabla hujazaliwa. Mikono yangu ilipokuwa na nguvu nilikuwa naye. Wewe umekuja nimechoka."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayetaja mwaka wa mvua. Dada ndiye aliyeinua kichwa wakati huo akanitazama. Ningependa kusema niliona huruma machoni mwake. Hapana. Niliona mtoto aliyerudi likizo akakuta mahali pake pamelaliwa, na ambaye sasa alikuwa amerudi pake.

Pazia jipya alilifupisha. Liliishia juu ya magoti, ili nyuzi zisimnase mama miguuni akitembea. Na lile tundu la kitasa aliliziba kwa ubao mdogo uliopigwa randa vizuri. Hakubadilisha kitu kingine. Lilipotundikwa lilitoa sauti nzito zaidi kuliko la kwanza, na mama alilisikiliza kwa muda mrefu, halafu akasema limezidi kuwa na mifupa. Dada akamjibu kwamba asiyetaka mifupa ale mboga. Wakaanza kugombana. Walikuwa wakipandishiana sauti, wanakatizana, wanarudi nyuma kwenye mambo ya Gulwe ya kabla yangu, na hakuna kati yao aliyeniomba nishike upande.

Nilipoondoka, dada alinisindikiza hadi getini, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Nilidhani ana neno. Alikuwa nalo.

"Siku nyingine piga simu kwanza," akasema. "Hapa si sokoni."

Nikamwambia nitakuja nitakavyo kwa mama yangu. Akafunga geti.

Mambo yamekaa hivyo mpaka leo. Mama hakuhama, wala miguu yake haijapona. Dada hunipigia mara chache, hasalimii, anasema tu mama anataka mifupa, au kokwa zimekwisha, kisha anakata. Ninazianika juani siku nyingi kwanza, siku hizi, ili asipate cha kusema, na anakipata. Kwenye fremu yangu nimeanza kutunga vitu vyangu, vya ukutani, bila mtu wa kunirushia miguuni. Wateja huuliza ni nini. Mmoja, mwanafunzi wa chuo, alisema vinamtisha. Nilifurahi kwa siku nzima.

Mwezi uliopita nilimpelekea mama kazi mojawapo, nimeifunga kwenye kanga. Aliitandaza kitandani, akaipitishia mkono, akaitikisa. Nilisubiri. Dada alikuwa mlangoni, pazia limemkaa begani.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Bado haijasema," mama akajibu, akaikunja akaiweka chini ya mto wake, na nilipoiomba ili niondoke nayo, alikataa kunirudishia.